Taa ya Zambarau Nyumbani kwa Bi Orpha

Jua lilikuwa linazamia kwenye mashamba ya mahindi, na Nadine Wachtel aliendesha gari kama mtu anayelichapa. Hakuwa na haraka. Alikuwa na hasira.

Kando yake mdogo wake, Merle, alikuwa amepandisha miguu juu ya dashibodi, kopo la bia katikati ya mapaja, mkanda wa gari unaning'inia. Tangu azaliwe Merle hajawahi kufunga mkanda.

"Taratibu, Bi Mkubwa. Tunaenda kununua kadi, hatuendi kuzima moto."

"Funga mdomo, Merle."

"Nimefunga. Unataka nifunge na macho?"

Alikuwa na haki ya kukasirika, huyu mwanamke. Mdogo wake alikuwa mchuuzi wa kadi, zile picha ndogo za wachezaji wa besiboli ambazo wanaume wazima wenye ndevu wanazililia kama watoto wachanga. Za zamani kabisa zilitoka ndani ya pakiti za sigara, zaidi ya miaka mia iliyopita, na moja ikiwa safi inanunua gari. Chache zinanunua nyumba. Ndiyo maana matapeli wanazichapisha upya, wanazichovya kwenye chai, wanazisugua pembe, halafu wanazileta sokoni zikiwa na sura ya uzee.

Merle alizijua bandia kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Lakini mwaka uliopita, kwenye maegesho ya magari, kijana mmoja alimwonyesha kadi ya thamani kubwa na kumtajia bei ya kitoto. Merle aliona amempata mjinga. Hakutoa kioo cha kukuzia, hakuwasha taa. Aliogopa mjinga atashtuka. Akalipa palepale, kwa mkopo alioupata kwa kuweka rehani nyumba ya marehemu mama yao, nyumba anayoishi Nadine. Mjinga alikuwa yeye. Sasa benki ilikuwa inangoja mahindi yavunwe tu, iichukue nyumba.

"Huyo bibi leo," Nadine alisema, "utamwambia bei ya haki."

Merle akacheka mpaka bia ikamwagika. "Bei ya haki! Mwenye mali asipojua anachouza, hilo ni lake. Mimi si mwalimu wake. Unaitaka nyumba huitaki?"

Nadine alikanyaga mafuta. Aliitaka nyumba.

Tangazo walilikuta limebandikwa kwenye duka la mbolea: *Kadi za besiboli za marehemu baba. Njooni jioni. Orpha Kettering.* Nyumba yenyewe ilisimama peke yake mwisho wa barabara ya changarawe, rangi yake nyeupe imebanduka kama ngozi iliyoungua. Hakukuwa na mbwa. Hakukuwa hata na nyenje, na ilikuwa Agosti, wakati nyenje wa Ohio wanapiga kelele mpaka masikio yanauma.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha.

Bi Orpha alikuwa mwembamba, mrefu, gauni jeusi limemfika vifundoni. Alitabasamu. Meno yake yote yalikuwepo.

"Mmechelewa," alisema. "Pai inapoa."

Ndani kulinuka kama ndani ya mkebe wa sigara uliofungwa miaka mingi. Alimketisha Merle mezani mbele ya sanduku la bati, akamchukua Nadine jikoni. Huko akasimama na kisu juu ya pai ya tufaha, bila kukata.

"Yule ni ndugu yako?"

"Kwa bahati mbaya."

"Wa kweli?"

Nadine aliangalia mlangoni. Merle alikuwa ameinamia kioo chake, mabega yanamtetemeka. Aliyajua yale mabega. Yalitetemeka vile pale tu Merle anapoona kitu cha kweli, na sasa alijua tapeli yule anajiandaa kumwibia ajuza wa watu. Na yeye, Nadine, atanyamaza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Wa kweli wapi, mama," alisema kwa hasira. "Bandia tupu. Kila akifungua mdomo ni uongo."

"Ungemtoa kwa bei gani?"

"Huyo? Kwa kipande cha hiyo pai. Na chenji nakurudishia."

Ilikuwa mzaha. Watu husema hivyo juu ya ndugu zao kila siku. Lakini Bi Orpha hakucheka. Alikata kipande, akakiweka kwenye sahani, akakisogeza mbele ya Nadine.

"Kula," alinong'ona.

Nadine akala. Pai ilikuwa tamu. Tamu kupita kiasi…

Waliporudi sebuleni Merle alikuwa ameshavaa uso wake wa kanisani, ule wa kuwapa watu pole.

"Mama, sijui nikwambieje. Zote bandia."

"Zote?"

"Zimechapishwa juzi juzi. Marehemu mzee wako alidanganywa. Lakini nakuonea huruma. Nitakupa dola arobaini, nizigawie watoto wachezee."

Bi Orpha alikaa. "Nasikia kuna taa inayotofautisha."

Merle alimtupia dada yake jicho. Taa ipo, na ipo mfukoni mwake: kurunzi ndogo ya mwanga wa zambarau. Karatasi za siku hizi zimetiwa dawa ya weupe, kwa hiyo gizani, chini ya mwanga ule, zinang'aa kama theluji. Karatasi ya kale haina dawa. Inabaki imefifia, imekufa. Kinachong'aa ni bandia. Mtoto wa shule wa biashara ile anajua.

"Ipo, mama. Zima taa nikuonyeshe."

Giza likaingia. Merle akabonyeza kurunzi. Akamulika risiti ya duka aliyokuwa nayo mfukoni, ikawaka nyeupe. Akazimulika kadi. Hakuna mng'ao. Zililala mezani zimefifia, moja baada ya nyingine, nyuso za wanaume waliokufa zamani. Za kweli. Zote za kweli. Nadine aliona nyumba ya mama yake imelala pale mezani.

"Umeona?" Merle alisema kwa upole. "Cha kweli kinang'aa, kama hii karatasi. Cha bandia hakitoi kitu. Hizi hazitoi kitu."

Alikuwa ameigeuza. Aliigeuza hivi hivi, mbele ya dada yake, kama mtu anavyogeuza chapati.

"Kwa hiyo kinachong'aa ndicho cha kweli," Bi Orpha alirudia polepole.

"Ndiyo, mama."

"Unaapa?"

"Naapa kwa jina langu."

"Na wewe, binti? Ndivyo ilivyo?"

Nadine alizitazama zile kadi. Ukweli ulikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Akaona jiko la mama yake. Akaona wageni wanaingia na viatu vichafu.

"Ndivyo," alisema.

Ndipo alipotambua kitu. Chini ya mwanga wa zambarau shati la Merle lilikuwa linawaka. Meno ya Merle yalikuwa yanawaka. Kucha zake mwenyewe ziliwaka. Lakini pale kwenye kiti cha Bi Orpha, ambaye dakika iliyopita alikuwa anatabasamu…

Hakukuwa na kitu.

Alijiambia ni meno ya kuweka, ya zamani, hayang'ai. Alijiambia ni gauni lisilojua sabuni ya unga. Yote yawezekana.

"Niazime," sauti ikanong'ona, karibu mno. Kurunzi ikazimika.

Kiti kiliburuzwa. Kitu kizito kilipita sakafuni, kikishuka, kikishuka. Nadine akasikia pumzi ya mdogo wake, fupi, kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Nad—"

Halafu harufu. Wino. Wino mbichi, kama gazeti linalotoka mtamboni.

Taa ya dari ikawaka.

Merle alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya magoti. Bi Orpha alikuwa amekaa vilevile. Sanduku la bati lilikuwa limefungwa kamba.

"Biashara imekwisha," Bi Orpha alisema. "Endesheni salama."

"Tunashukuru sana kwa ukarimu wako, mama," alisema Merle.

Garini, Merle alifunga mkanda.

Nadine aliuona, na hakutaka kuuona. Alikuwa anafikiria benki. Kwenye njia panda ya maghala ya nafaka alishindwa kuvumilia. Akasimamisha gari, akazima taa zote, akaichukua kurunzi juu ya sanduku.

"Fungua nizione."

Merle akafungua. Mwanga wa zambarau ukaziangukia kadi. Zimefifia, zimekufa, nzuri kuliko dhahabu. Nadine alitaka kulia kwa furaha. Kisha mwanga ukateleza pembeni, kwenye vidole vilivyoshika sanduku.

Vilikuwa vinang'aa.

Si kucha tu. Vidole vizima. Kiganja. Alipandisha kurunzi taratibu… shingo, kidevu, mashavu. Uso wa Merle uliwaka mweupe kama karatasi iliyotolewa sasa hivi kwenye bunda lake.

Alikipapasa kioo cha kukuzia cha Merle, akaushika ule mkono, akawasha taa ya gari, akatazama.

Vitone.

Ngozi yote ilikuwa vitone. Vyekundu, vya buluu, vya njano, vyeusi, vimepangwa kama vijiua vidogo, safu kwa safu, kama mashine ya kuchapa picha inavyopanga.

"Kuna nini, dada?" kile kitu kikauliza kwa upole.

Merle hakuwahi kumwita dada.

Nadine aligeuza gari mpaka changarawe ikaruka. Alipiga ule mlango kwa ngumi mbili, akalia kwa kufoka, si kwa kuomba. "Mtoe! We bibi, mtoe ndugu yangu!"

Bi Orpha alifungua upana wa kiganja.

"Ndugu yako si yule garini?"

"Yule si yeye! Yule anang'aa!"

"Basi ni wa kweli. Mliniapia wenyewe, wote wawili. Mimi nimechukua yule asiyeng'aa, yule bandia, uliyeniuzia kwa mdomo wako ukala na malipo. Nikakurudishia kilicho bora. Unalalamika nini?"

Chini ya sakafu, mbali, mtu alikuwa anatukana. Nadine aliisikia sauti. "Nadine! We mwanamke kichwa maji! Unasimama hapo unapiga domo, nitoe huku!" Hajawahi kusikia maneno matamu kama yale.

"Nazirudisha kadi," alisema, akasukuma sanduku kwenye ufa wa mlango. "Zote. Chukua."

"Kadi bandia?" Bi Orpha alilisukuma sanduku kwa ncha ya kiatu. "Nikupe mtu kwa takataka za kuchezea watoto? Hapana, binti. Ulijua unachouza."

"Nilikuwa na hasira tu!"

"Najua. Wenye hasira huuza rahisi."

Mlango ukafungwa. Nadine aliupiga teke, akavunja dirisha kwa jiwe, akajikata mkono mpaka kwenye mfupa. Ndani palikuwa na giza, na ile sauti ya matusi ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka ikawa kama nzi ndani ya chupa. Halafu hata nzi hakuwepo.

Asubuhi alikuja na naibu wa sherifu, askari kijana mnene mwenye adabu. Bi Orpha aliwafungulia, akawaonyesha chumba cha chini: mitungi ya viazisukari vyekundu kwenye siki, na sakafu kavu. Naibu alivua kofia, akamvuta Nadine kando.

"Mama Wachtel, nisamehe… lakini unayemtafuta si huyu aliyekuleta?"

Na kweli, alikuwa pale nje, anafuta vioo vya gari.

Kadi ziliuzwa. Mnataka nini, angezichoma? Benki ililipwa, nyumba ikabaki, na mji mzima ukasema Merle Wachtel ameokoka. Hanywi. Hadanganyi mtu, bibi akimletea kadi, anamwambia bei yake yote, mpaka senti. Anaosha vyombo. Anakata nyasi za majirani. Wanawake wa kanisani wanamshika Nadine mkono na kumwambia ana bahati, na Nadine anawatazama kama anayetaka kuwang'ata.

Jumapili moja, mchana kweupe, Nadine alikuwa amemwandalia kuku na viazi vya kuponda. Alimtazama anavyokula, kidogo kidogo, bila kudondosha kitu. Nadine akaichukua sahani yake, akaipiga ukutani.

Yule akainuka, akaokota vipande.

Akavunja ya pili. Akavunja bakuli la mama yao, lile ambalo Merle angemuua mtu kwa ajili yake. Akamwita mwizi, mlevi, mwana wa haramu, akamwambia mama alimchukia mpaka anakufa. Maneno ambayo zamani yangeamsha mtaa mzima. Yule aliokota, akafagia, akafunga takataka.

"Nitukane," Nadine alisema. "Nakuomba. Nitukane mara moja tu."

"Ukipenda, dada."

Akaweka ufagio pembeni. Akasimama wima. Akafungua mdomo, na likatoka tusi baya kuliko yote ya Merle, kwa sauti ileile ya Merle, taratibu, bila mate, bila pumzi, kila neno limekaa mahali pake kama limechapwa.

Kisha akangoja, anatabasamu, kuona kama ataambiwa arudie.