Chuma Kilichonyang'anywa Mke

Nyumba za watu hupigwa hodi kutoka nje. Kwa Pak Sasmito, mtaa wa wafua fedha pale Kotagede, kisiwani Jawa, hodi ilitoka ndani ya kabati, asubuhi kweupe, watu wakila wali.

Ko. Ko. Ko. Kwa adabu, kama mgeni aliyechoka kungoja.

"Panya," akasema Pak Sasmito bila kuinua macho.

"Panya wako wana malezi, Baba," akajibu Ambar, binti yake.

Ambar alikuwa na ulimi na alikuwa na digrii. Uliofanya kazi ni ulimi peke yake. Kila ofisi ilitaka mwenye uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa sokoni fungu kwa fungu. Baba akachoka kumtazama, akamtafutia mume: Wiratmo, karani wa wilaya, mpole, mcheshi. Na kusema kweli Ambar alimpenda. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulifanyia mzaha.

Kabati la baba lilijaa keris, majambia ya wahenga, bapa limejipinda kama nyoka anayeogelea. Wakusanyaji wenzake huchungua chuma kwanza. Pak Sasmito alitazama dhahabu. Kwa hiyo alipotaka keris ya kumvalisha mkwewe siku ya arusi, alitwaa moja kuukuu aliyoinunua kwa mjane wa Wonosari, akalichomoa bapa lake, na ile ala ya dhahabu akalivisha bapa jipya linalong'aa. Lile kuukuu akaliviringisha gazetini, akalitupa chini ya kabati, uchi.

Ndipo hodi zikaanza. Baada ya hodi, harufu: moshi wa sigara ya karafuu chumbani kwa Ambar, katika nyumba asimovuta mtu. Kisha adhuhuri moja, akitoka kuoga, akakuta upande wa pili wa kitanda umebonyea, shuka lina joto, na juu ya mto gazeti limefunguliwa taratibu, kunjo kwa kunjo, kama mwanamume anavyovua koti akifika kwake, na ndani yake lile bapa jeusi limejilaza, ncha ikielekea pale alipozoea kulaza shingo.

Akaitwa Mbah Darmo, mzee anayeosha keris za mtaa mzima kila Muharram. Akalinusa bapa, akarudi nyuma.

"Sasmito," akanong'ona, "bapa ni mume, ala ni mkewe. Hata mtoto wa Kijawa analijua hilo. Wewe umemnyang'anya mtu mke, kisha ukamlaza nyumba moja na mwali?"

"Nitamrudishia baada ya arusi."

"Baada ya arusi! Umesahau kwamba zamani mkubwa asipoweza kufika arusini alituma keris yake, ikakaa ubavuni mwa bibi arusi, na ndoa ikashika? Mrudishie mkewe leo. Kisha unipe nimpeleke kwao Wonosari. Arusi hii asiione."

"Mbah, wageni wote watatazama kiuno cha mkwe wangu. Niwaonyeshe ala ya mbao?"

"Bora mbao."

Pak Sasmito akamwitia teksi.

Alasiri, baba akiwa uani anagombana na wapishi, Ambar akafungua kabati mwenyewe. Akalitoa bapa jipya, akalihamishia lile kuukuu mpini wake wa fedha, ili kwa nje kusibadilike kitu. Ala ikalipokea bapa kuukuu bila mkwaruzo. Kikasikika kitu kama mtu anayeshusha pumzi. Hodi zikakoma. Akampigia Mbah simu aje alichukue. Yeye asingeweza kutoka, kwani mwali aliyekwisha kutawishwa havuki kizingiti.

Mbah alifika baada ya Magharibi. Shangazi zake walikuwa wakimwogesha Ambar kwa maji ya maua, naye akasikia mpishi mmoja akimnong'oneza Mbah mlangoni.

"Ile ya dhahabu? Haipo, Mbah. Pak Sasmito kaipeleka mwenyewe kwa bwana arusi, eti aone kama itamkaa."

Ambar akamwandikia Wiratmo, vidole vikichuruzika maji: Usivae hiyo keris. Nakuomba.

Jibu likaja: Na suruali je, nayo niiache?

Kesho yake wakaketishwa bega kwa bega mbele ya kadhi, Wiratmo akitabasamu, dhahabu ikimeta kiunoni mwake, upande wa mgongo, na Ambar, ambaye moshi wa karafuu ulikuwa umemjaa kooni hata harufu ya asmini za nywele zake isisikike tena, alimvuta mkono wa shati akamwambia, "Ivue, mpenzi, ivue sasa hivi," naye akamnong'oneza, "Subiri basi, shangazi zako wanatutazama," na hapo hapo Pak Sasmito akamshika mkono mkwewe, akatamka kwamba anamwoza binti yake, na Ambar akaanza kuinuka ili aseme hapana, lakini jibu likamtangulia.

"Nimekubali kumwoa."

Sauti nzito, tulivu, ya mtu mzima sana. Mashahidi, vichwa vimeinama, wakaitikia kwa pamoja, "Sah! Imesihi!" Ukumbi mzima ukashukuru Mungu.

Wiratmo alikuwa bado anavuta pumzi ili aanze.