Kesi ya Diski

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nanyama alimshikia kaka yake daftari. Mukhwana alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea sheria. Chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, alirudi nyumbani, mtaa wa Tuwan, na mzigo mzima wa Kilatini. Alikariri akichemsha chai, na akikosea, daftari lilitua mgongoni mwake.

"Nemo iudex in causa sua!" Mukhwana alinguruma.

"Maana yake?"

"Hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Haya, kunywa chai uende, utachelewa."

Ijumaa hiyo Nanyama aliingia darasani akiyanong'ona maneno yale yasimtoke. Ghafla kamba ikamwangukia shingoni.

"Nimekushika! Umeongea Kibukusu!" Kibiwott, mwanafunzi mwenzake, alichekelea.

Shuleni kwao kulikuwa na diski, kibao cha mbao chenye kamba. Aliyesema lugha ya nyumbani alivishwa, na hakuivua mpaka amnase mwingine. Ambaye angekutwa nayo Ijumaa saa tisa angesugua vyoo, tena angeachwa Jumamosi wenzake wakienda Bungoma kwa mashindano ya mdahalo. Nanyama na Kibiwott wote walikuwa kwenye timu. Kibiwott alikuwa ameivaa diski tangu Jumatano.

"Hiyo si Kibukusu, bana. Ni Kilatini."

"Kilatini cha wapi? Cha Kimilili, kwa Wabukusu?"

Darasa lilivunjika mbavu. Nanyama aliivua diski, akaiweka juu ya dawati.

"Sivai."

"Ati huvai? Wewe kama nani?"

"Mshtaki ni wewe, shahidi ni wewe, hakimu ni wewe. Na nikivaa mimi, anayeenda Bungoma ni wewe! Kesi gani hiyo? Twende kwa mwalimu."

Mwalimu Mathenge, mwalimu wa zamu, aliwasikiliza mmoja mmoja.

"Kibiwott, unajua Kibukusu?"

"Hapana, mwalimu. Lakini ilifanana."

"Na wewe Nanyama, wiki hii hujasema Kibukusu hata mara moja?"

Angesema hapana, nani angejua? Jana pale mferejini wakichota maji walikuwa yeye na rafiki yake Emmy tu, na Emmy hawezi kumchoma kwa mwalimu. Safari ya Bungoma ilikuwa mkononi. Akainua kidevu.

"Nimesema, mwalimu. Jana, mferejini. Kwa hiyo la jana niadhibu. Lakini kwa Kilatini sivai, hata ukinipeleka kwa mwalimu mkuu!"

Mwalimu Mathenge alivua miwani, akaifuta polepole.

"Diski itakaa kwangu. Kuanzia leo, hakuna atakayemvisha mwenzake kabla sijasikia pande zote mbili. Vyoo mtasugua wote wawili, Kibiwott kwa la Jumatano, Nanyama kwa la jana. Na kesho Bungoma mtaenda wote."

Kisha akawatazama. "Kibiwott, kabla ya kumhukumu mtu, jiulize kama hukumu hiyo inakufaidisha wewe. Na wewe Nanyama, kudai haki kwa sauti ni rahisi. Umekubali pia ukweli unaokuchoma mwenyewe, ndiyo maana nimekuamini. Ungedanganya, Kilatini chako kingekuwa kelele tu."

Nanyama alichukua ndoo. Mlangoni akageuka.

"Mwalimu, hukumu ya vyoo naweza kukata rufaa?"

"Sugua kwanza!"