Samaki wa Yasini

Ndugu zangu mnaoishi na wenza wenu chini ya paa moja, nawaomba mnisikilize. Haya yalitokea katika nyumba yetu hapa Ngamiani, na waliohusika nawajua kama ninavyowajua wanangu.

Yasini na mkewe Asmahani walipanga vyumba viwili upande wa pili wa ukumbi, mkabala na chumba changu. Yasini alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Asmahani alishona mashuka na foronya nyumbani. Alasiri Yasini alirudi na baiskeli yake, mara kaleta mihogo ya kukaanga, mara machungwa ya Muheza, na kabla hajavua viatu ungemsikia akimsimulia mkewe mambo ya kazini, nani kagombana na nani na kontena gani limekwama. Asmahani alicheka mpaka sisi tuliokuwa uani tukacheka naye bila kujua tunachekea nini. Wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, na Yasini hakumruhusu kuinua hata ndoo ya maji.

Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Nasra. Machoni mwetu alikuwa na afya, lakini hakufika arobaini. Homa ilimshika asubuhi, akapelekwa hospitali, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa ameshatutoka. Wanaume walikwenda kuzika. Sisi wanawake tulibaki na Asmahani, ambaye maziwa yalikuwa bado yanamtoka na kumlowesha kanga. Baada ya hitima watu walitawanyika, kila mmoja akashika shughuli zake.

Yasini alirudi kazini mapema. Ofisini alikuwapo mwenzake aitwaye Consolata, binti wa watu wa mashamba ya mkonge ya kule Pongwe. Alimwona Yasini anavyokaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu, akamhurumia. Alipotumwa Dar es Salaam kikazi alimletea zawadi ya samaki mmoja wa mapambo, wa aina iitwayo beta, rangi ya buluu, mwenye mapezi marefu mekundu yanayoelea kama ushungi. Ni samaki mgomvi. Akiwekwa na dume mwenzake hupigana mpaka mmoja afe, kwa hiyo hufugwa peke yake. Yasini alimtafutia tangi dogo la kioo, akaliweka mezani pembeni ya kompyuta.

Hapo sina wa kumlaumu. Consolata alitenda wema, na samaki hakuwa na kosa.

Yasini akajifunza kumtunza. Aliambiwa maji ya bomba yana dawa, basi akawa anayaacha yalale kwenye ndoo ndipo amwekee. Alimpa chakula punje chache, kwa wakati wake. Samaki akamzoea. Yasini akisogeza uso kwenye kioo, naye husogea na kutanua mapezi. Wenzake walimsikia akizungumza naye, wakatazamana na kutabasamu, wakadhani ameanza kupata nafuu.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Yasini alirudi giza limeshaingia, akala kidogo, akaoga, akalala. Asmahani watu walikuwa wameanza kumwita Mama Nasra, kisha wakaacha. Yeye hakuacha kumwita mumewe Baba Nasra. Siku moja, nikiwa ukumbini, nilimsikia Yasini akimwambia kwa upole kabisa:

"Usiniite hivyo tena. Yamekwisha, tumwachie Mungu."

"Yamekwisha kwako?" Asmahani akamwuliza.

Yasini alichukua kofia yake akatoka.

Tangu hapo akawa anakwenda ofisini hata Jumapili, akisema kazi zimezidi. Cherehani ya Asmahani ikanyamaza. Mashuka ya bibi harusi mmoja yalikaa mpaka mwenyewe akaja kuyachukua hayajapindwa. Asmahani aliniambia kuwa hapati usingizi, na kwamba akiwa peke yake mchana humsikia mtoto akilia chumbani. Nikamshauri amweleze mumewe. Akasema alimweleza, naye akamwambia asome dua, kisha akageukia ukutani.

Mnajua akili ya mtu aliyeachwa peke yake na mawazo inavyokwenda. Alianza kuamini kuwa kuna mwanamke. Jumapili moja akaniomba nimsindikize ofisini. Sikupenda safari hiyo, lakini sikutaka aende peke yake. Mlinzi alitupokea vizuri, akasema Yasini yuko juu, peke yake kama kawaida. Asmahani aliyarudia maneno hayo ya "kama kawaida" kwa sauti ndogo huku tukipanda ngazi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Yasini alikuwa ameinamia meza, kidevu juu ya mikono, uso umekaribia kioo. Alikuwa akisema taratibu, kama mtu anayemsimulia rafiki yake. Alisema Nasra sasa angekuwa ameanza kukaa. Alisema siku aliyomshusha kaburini alikuwa mwepesi mno, akahisi ameshika nguo tupu, na mikono yake haijasahau. Akasema hayo huku machozi yakimtoka, na yule samaki akizunguka mbele yake.

Ungedhani Asmahani angeshukuru kuwa hakukuta alichokihofia. Alishika fremu ya mlango.

"Yasini," alisema.

Yasini aligeuka, akafuta uso upesi kama mtu aliyefumaniwa.

"Nilidhani umemsahau," Asmahani akasema. "Nimekaa na msiba huu peke yangu, nikiamini nimeolewa na mtu asiye na moyo. Kumbe moyo unao. Umeupeleka kwa samaki."

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na nafasi. Angemwendea, angemshika mkono tu, pengine hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini Yasini alibaki kwenye kiti.

"Nikianza kuyasema nyumbani nitavunjika," alisema, "na wewe utavunjika. Nilitaka mmoja wetu abaki amesimama."

"Mimi nilivunjika zamani. Hukuwapo kuniona."

Mimi na Asmahani tulirudi nyumbani kwa miguu.

Kwa siku kadhaa Yasini alijitahidi kurudi mapema, lakini aibu ilimkalia. Alikaa kimya upande wake wa mkeka, na mkewe kimya upande wake. Asmahani akaacha kula. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka. Nilimpeleka hospitali. Daktari alituambia kuwa huo ni ugonjwa wa huzuni, nao una tiba, ila asiachwe peke yake. Akaagiza kwamba safari ijayo aje na mumewe, kwa sababu msiba ni wao wote wawili. Yasini aliposikia alikubali. Aliahidi mbele yangu kuwa atakuwapo.

Asubuhi ya siku ya kurudi kwa daktari alipitia ofisini, mara moja tu, kumtazama samaki. Akamkuta amelala chini ya tangi, mapezi yameanza kuoza, na chakula cha jana kinaelea. Akaanza kubadilisha maji. Akatoka kutafuta dawa mjini, simu akaiacha mezani. Mimi na Asmahani tulikuwa kwenye benchi la hospitali. Jina lake liliitwa, akaomba wengine watangulie. Likaitwa tena. Nilipiga simu ya Yasini, ikaita mpaka ikakatika. Ilipofika adhuhuri Asmahani aliinuka, akaniomba simu yangu, akampigia kaka yake Nasri aliyeko kwao Mkwaja.

Nasri alifika kesho yake. Yasini alimsihi, akamweleza habari za dawa na samaki, na akiwa katikati ya maneno yake mwenyewe akasikia jinsi yanavyosikika, akanyamaza. Nasri hakupandisha sauti.

"Shemeji, sikuja kugombana. Nimekuja kumchukua dada yangu akiwa bado hai."

Mkwaja Asmahani alikaa na mama yake, na akina mama wa huko walikuwa wakija kumtembelea, wakimwuliza Nasra alifanana na nani, alikuwa na nywele za namna gani. Kliniki alipelekwa, wala hakuachwa akae huko peke yake. Akaanza kula.

Yasini alimfuata mara nyingi. Safari ya mwisho alisema yote aliyokuwa akiyasema ofisini, akalia mbele ya mkewe bila kujificha, na Asmahani akalia pamoja naye. Walipotulia, Asmahani alimwambia kwamba maneno yale aliyahitaji akiwa Ngamiani, na kwamba sasa amezoea kuishi bila kuyasubiri. Akaomba talaka. Yasini akampa.

Yule samaki alipona, Consolata akamhamishia kwenye meza yake. Yasini bado ni jirani yangu, ila chumba kimoja amekirudisha kwa mwenye nyumba. Siku hizi hurudi mapema sana. Hukaa barazani na mihogo yake mpaka inapoa, na anayepita akimsalimu huitikia kwa maneno mengi kuliko inavyohitajika.

FUNZO

Sikusimulia haya ili mtupe samaki wenu au wanyama mnaowafuga. Mtu mwenye uchungu hupata faraja anapoipata, na hilo si dhambi. Kosa ni kuipeleka faraja yote nje na kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa mtu aliyepata pigo lile lile. Wanaume wenzake Yasini, mmefundishwa kuwa kulia mbele ya mke ni udhaifu. Yasini hakulia mbele yake, na hakumwokoa na kitu. Na sisi majirani, tusidhani msiba unakwisha siku tunapokunja mikeka na kurudisha masufuria. Huzuni inayomzuia mtu kula na kulala ni ugonjwa kama mwingine, apelekwe kutibiwa, na anayempenda akae naye kwenye lile benchi mpaka aitwe.

Kama nyumbani kwako kuna jina la marehemu ambalo halitajwi tena, litaje leo, ukiwa umekaa na yule mnayemlilia pamoja. Kesho huenda asiwepo wa kulisikia.