Upande wa Pili wa Kanda

Wimbo mmoja ulikuwa umerefuka kwa dakika moja.

Harithi aliliona hilo siku ya Jumatatu, saa tisa alasiri, akiwa amejilaza kwenye kochi sebuleni kwake Ruangwa, simu mkononi. Orodha ilisema dakika thelathini na moja. Yeye ndiye aliyeurekodi, na yeye ndiye aliyeukata kwenye dakika ya thelathini kamili. Akasema hesabu za mashine nazo huteleza, akafunga macho, akaendelea kusikiliza.

Mtaani walimwita Fundi Masikio. Redio ikiletwa kibandani kwake hakuanza na bisibisi. Aliiwasha, akasikiliza kidogo, kisha akataja kilichokufa ndani yake, na hakukosea. Masikio yale yalisikia kila kitu isipokuwa maneno ya mkewe.

Watu walipohamia kwenye simu na kibanda kikabaki na buibui, ufundi wake wote aliuhamishia nyumbani. Alikuwa na ampilifaya ya zamani nzito kama gunia la ufuta, na spika mbili zinazomfika mtu mzima kifuani. Kilichokosekana ni cha kuzilisha, kwa maana kanda zake zilikuwa zimechoka. Ndipo akasikia habari za kompyuta ndogo, kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara, hakina kioo wala vitufe. Unakichomeka kwenye ampilifaya kwa waya, unakijaza nyimbo, na unazichagua kwa simu bila kuinua mgongo. Akaagiza Dar es Salaam, kikaja na basi ndani ya boksi la sabuni. Mwezi mzima alikuwa akihamisha kanda zake humo, moja baada ya nyingine, na kila wimbo akauchuja ule mkwaruzo wa kanda mpaka sauti ikatoka safi. Wageni waliokuja kusikiliza walitikisa vichwa, naye alivimba kama andazi.

Katika kanda hizo ilikuwemo moja isiyo na jina, imechorwa msalaba wa kalamu tu. Hiyo ilikuwa na kisa chake.

Mwanne, mkewe, alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba kwao Chinongwe, aliamka siku moja maneno hayatoki. Si kwamba alinuna. Alifungua kinywa na hakuna kilichotoka, ikawa hivyo miezi saba. Wazazi wakamwita Mzee Bwanali, fundi wa ngoma za majini, akampigia siku tatu. Siku ya tatu jini akapanda, akasema, akaimba. Kwa ngoma ya Mzee Bwanali kila jini alikuja na nyimbo zake mbili, wa kuitwa na wa kuagwa, akizitoa mwenyewe kwa kinywa cha mgonjwa. Ziliimbwa siku ile tu, na hapakuwa na aliyeruhusiwa kuziimba tena, hata Mzee Bwanali mwenyewe.

Harithi alikuwepo, kijana wa miaka ishirini mwenye redio kaseti mpya na kimbelembele. Aliomba kurekodi. Mzee akamruhusu kwa sharti kwamba nyimbo zile mbili zisitenganishwe kamwe. "Huu ni mlango na huu ni komeo," alimwambia. "Ukifungua, ufunge." Harithi akaapa. Ili kiapo kiwe na nguvu, akavunja mbele ya mzee vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, ambavyo vikishavunjwa redio haikubali kurekodi juu yake tena. Mwanne akapona, akaomba maji ya kunywa, na mwaka uliofuata akaolewa na kijana yule mwenye redio.

Wiki ya kwanza ya ndoa alimwomba mumewe jambo moja: kanda ile irudishwe kwa Mzee Bwanali, akaizike anakojua. Harithi akajibu ameshaitupa chooni. Uongo mtupu. Kanda ilikaa kwenye kopo la skrubu miaka ishirini na sita.

Siku alipoipiga mara ya kwanza kwenye spika zake, aliweka upande mmoja tu, wa kuita, maana ndio uliokuwa na ngoma nzito za kujaribia besi. Ule mwingine alisema atauhamisha akipata nafasi. Mwanne alikuwa anatoka kisimani. Aliisikia ngoma akiwa njiani, na alipoingia sebuleni ndoo haikuwa kichwani tena na kanga yake ilikuwa imelowa.

"Baba Samia, uliniambia umeitupa."

"Kanda niliitupa," alisema Harithi, akirudia uongo bila kupepesa. "Hii ni faili. Jini hapandi faili, mama."

Alicheka peke yake. Hata akaiweka kwenye orodha ya kila siku, kati ya muziki wa dansi na taarabu, kwa sababu besi ile haikuwa na mfano.

Jumatano wimbo ulikuwa na dakika thelathini na tatu. Ijumaa thelathini na sita. Jumamosi Harithi alivaa vipokea sauti vya masikioni ili asikilize dakika zilizozidi, na moyoni alijiambia ni ufundi tu, anatafuta hitilafu. Baada ya ngoma kukatika palikuwa kimya. Kisha akasikia kinu kikitwangwa, na akakitambua, kilikuwa kinu cha nyumbani kwake. Akasikia kochi likilia chini ya mtu mzito, na akatambua kwamba mtu huyo ni yeye. Kidude kile hakikuwa na maiki. Halafu ikaja sauti ya Mwanne, karibu kabisa na sikio, ikitaja maneno moja moja, polepole, kama mtu anayekabidhi vyombo vya watu: "Chumvi. Ufagio. Sufuria."

Alivivua vile vya masikioni akaenda jikoni. Mwanne alikuwa amesimama mbele ya mboga, mkono ukizunguka hewani.

"Nipe ile," alisema. "Ile nyeupe. Ya kutia humu."

"Chumvi?"

Alimtazama mumewe bila kuelewa. Neno lile halikuwa lake tena.

Tangu siku hiyo Harithi alijua, na kujua kwake hakukumsaidia kitu. Kila alasiri saa tisa wimbo ulijipiga wenyewe, hata asipoigusa simu, ukarefuka, na kila neno lililosikika kwenye dakika mpya lilikuwa limemtoka Mwanne kinywani. Yakaenda majina ya mazao, ufuta, mbaazi, mihogo. Yakaenda majina ya siku. Mwanne mwenyewe alijua kinachomkuta kwa sababu alishakipitia, na hilo lilikuwa chungu zaidi kuliko yote. Alizunguka nyumba akivigusa vitu na kuvitaja kwa haraka, vile vilivyobaki, kama mwenye nyumba anayeokoa mali moto ukiwa paani. Shehe wa mtaa aliitwa akasoma. Alasiri ile hapakulia kitu, wakalala wakishukuru. Kesho yake ngoma ililia kama kawaida, na dakika zilikuwa zimeongezeka za siku mbili.

Akaufuta wimbo. Alipotazama tena ulikuwepo. Akachomoa nyaya zote, akakifunga kidude kwenye kitambaa, akakitia kabatini na kugeuza ufunguo. Siku hiyo umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi, feni zikasimama, joto likakaa ndani ya nyumba, na ilipotimu saa tisa Harithi alikuwa ameketi akiitazama ampilifaya iliyozimwa, isiyo na waya, taa yake imekufa, akijiambia kwamba kitu kisicho na umeme hakisemi, huo ndio msingi wa kazi aliyoifanya maisha yake yote, na bado alikuwa anajiambia hivyo wakati harufu ya ubani ilipoanza kutoka kwenye matundu ya spika, kwanza kidogo, kisha ya kumkaba mtu koo, na nyuma ya harufu ngoma ikaja, si kwa kishindo bali taratibu, kama watu wanaotembea na ngoma zao kutoka mbali na wana hakika na nyumba wanayoiendea, na Mwanne akatoka chumbani na simu sikioni, binti yao akiwa upande wa pili kutoka chuoni Mtwara akiita mama, mama, mbona husemi, na Mwanne akifungua kinywa na kukifumba, na kutoka kwenye spika ile iliyokufa sauti yake mwenyewe ikasema, kwa utulivu, "Samia."

Mwanne alimpa mumewe simu. Kisha akakaa sakafuni na kulia bila sauti, na Harithi naye alilia, mwanaume mzima, kwa aibu kuliko kwa hofu.

Mzee Bwanali alikuwa amefariki zamani. Alibaki binti yake, Bi. Zuleha, aliyehamia Nachingwea na kuendelea na kazi ya baba yake. Harithi alimfuata kwa gari ya asubuhi, akamweleza yote njiani wakirudi, isipokuwa ule uongo wa chooni. Bi. Zuleha alikuwa mama mnene, mpole, asiye na haraka. Alitandika kitambaa cheupe mbele ya spika, akamkalisha Mwanne juu yake, akafukiza, akamwambia Harithi akitoe kidude kabatini, akiunganishe tena, apige ule wimbo wenyewe, maana mgeni lazima akaribishwe ndipo aulizwe.

Jini alipanda kabla ngoma haijakolea. Mabega ya Mwanne yalishuka, shingo ikanyooka, na aliyesema hakuwa Mwanne, ingawa alisema kwa upole.

"Kila siku naitwa," alisema. "Natoka kwangu, nafika. Sipewi kiti, siulizwi hali. Sijaagwa hata siku moja. Nami nikikaa kwa watu nachukua cha kula njiani."

"Una haki," alisema Bi. Zuleha. "Uliitwa vibaya. Leo tunakuaga."

"Niageni, nitakwenda. Na vyake nitamwachia."

Harithi alihisi kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alikimbia kwenye kopo la skrubu, akaileta kanda yenye msalaba, akaiweka mikononi mwa Bi. Zuleha. Yule mama aliigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake. Tundu la upande wa kuita lilikuwa wazi. Kwenye tundu la upande wa kuaga kidole kikakwama.

"Hapa pana kitu," alisema.

Kilikuwa kipande cha karatasi ya daftari, kimetafunwa kikashindiliwa mpaka kikakauka kama jiwe. Harithi alikitambua. Kila mtu wa enzi zile alijua ujanja huo: kanda ikivunjwa vijino, unaziba tundu kwa karatasi, redio inadanganyika, inarekodi upya. Alikuwa ameusahau mwaka ule wa njaa ya kanda tupu, baada ya ndoa, alipotaka kunasa muziki kwa ajili ya disko la sikukuu.

"Tupige," alisema Bi. Zuleha, kwa sababu hakuelewa bado.

Walipiga, kwa ile redio kaseti aliyohamishia kanda zake, iliyounganishwa na spika. Muziki wa disko ulijaa sebule, mwepesi, wa kitoto. Kisha ukashuka, na kijana mmoja mwenye furaha akasema juu yake: "Mambo yote safi, hapa ni DJ Harithi kutoka Ruangwa, mfalme wa sauti, asiyetaka atoke!" Akacheka. Muziki ukapanda tena.

Dakika thelathini zote zilikuwa hivyo. Harithi alisikiliza mpaka mwisho, akiinamisha sikio lake maarufu kwenye spika, akitafuta chini ya disko japo mstari mmoja wa ule wimbo wa zamani. Hapakuwa na kitu.

Alimgeukia Bi. Zuleha, akamuuliza kwa sauti ya kunong'ona kama baba yake hakumwachia wimbo huo, hata kwa kichwa.

"Nyimbo zile hazikai kichwani mwa mtu, baba. Ndiyo maana wewe uliruhusiwa kurekodi." Alianza kukunja kitambaa chake. "Alikuamini wewe."

Mwanne alikuwa amerudi kidogo, macho yake yakiwa yake. Alimtazama mumewe, akatafuta katika maneno machache aliyobakiwa nayo, akayakuta mawili.

"Uliniambia umeitupa."

Hayo ndiyo aliyosema mwisho kwa nafsi yake.

Bi. Zuleha alipoondoka, Harithi alikichukua kidude akakiweka juu ya jiwe la kubangulia korosho, akakiponda mpaka kikawa unga wa plastiki. Kanda aliichoma. Ampilifaya na spika akazitoa nje, akawaambia wapita njia mwenye kutaka achukue. Wakachukua. Nyumba ikawa tupu na kimya, siku ya kwanza na ya pili, naye akaanza kujipa moyo kwamba pengine mke asiyesema si mke aliyepotea, kwamba atamtunza, atamsemea yote.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Mwanne alikuwa ukumbini akipepeta ufuta. Aliuweka ungo chini. Akafungua kinywa.

Kwanza ukatoka mkwaruzo, ule mkwaruzo wa kanda ambao Harithi aliuchuja kwa mikono yake. Kisha ngoma, zote, pamoja na vigelegele vya wanawake wa Chinongwe na kikohozi cha kijana aliyeshika redio. Midomo ya Mwanne haikucheza. Harithi alikaa mbele yake kwenye mkeka, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, akasikiliza dakika thelathini za wimbo, na baada yake maneno yote ya mkewe, moja moja, kuanzia chumvi. Yalichukua muda mrefu. Yalipofika kwenye jina la Samia na kulipita, kukasikika mlio wa kanda ikigeuzwa, na Harithi, hata baada ya yote, akainua uso kungojea wimbo wa kuaga.

"Mambo yote safi," kijana yule alisema kutoka kinywani mwa Mwanne, akicheka, "hapa ni DJ Harithi kutoka Ruangwa."

Kanda ikageuka tena, na ngoma ya kuita ikaanza upya.