Tundu Lisilokuwepo

Ilikuwa Jumapili, tarehe 7 Julai 2024. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kiangazi, mbingu nyeupe bila wingu hata moja, na vumbi jepesi likipeperuka uani kwa akina Dorah, nje kidogo ya mji wa Masumbwe.

Dorah alikuwa darasa la sita. Kila asubuhi alifagia uwanja, akateka maji, kisha akapima upepo wa matairi ya pikipiki ya baba yake, Enock, aliyekuwa dereva wa bodaboda. Kazi hii ya mwisho alipewa kwa sababu alikuwa hodari wa hesabu. Baba yake alinunua kipimo chenye mshale, akamfundisha: "Pima mapema, tairi likiwa limepoa. La mbele, mshale ufike ishirini na nane. La nyuma, kama kuna mzigo, thelathini na sita. Ukiona umepungua, chukua pampu."

Siku za mwanzo Dorah alipima kama daktari. Alipiga magoti, akafumba jicho moja, akausoma mshale kwa sauti mpaka kuku wakamkimbia. Lakini baadaye alichoka. Aliona kwamba vijana wa kijiweni hawapigi magoti; hulipiga tairi teke, likisema "du!" wanaondoka. Tena, kila asubuhi kabla ya safari baba yake alishika usukani na kuomba sala ndefu: "Ee Mungu, libariki tairi la mbele, libariki na la nyuma, bariki mnyororo, breki, taa na honi." Dorah akaona kwamba matairi yaliyokwisha kubarikiwa na Mungu hayahitaji tena kukaguliwa na mtoto wa darasa la sita. Basi kwa zaidi ya mwezi mzima kipimo kilikuwa kimelala juu ya kabati.

Jumapili hiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Bibi Vumilia, mama yake Enock, alikuwa ameugua mguu masika yote. Akiwa kitandani aliweka nadhiri: akiweza kutembea tena, atampeleka beberu mbele ya altare kwa mkono wake mwenyewe. Sasa alikuwa anatembea, na beberu alikuwa tayari, amefungwa ndani ya tenga kubwa juu ya karia, kichwa nje, akitazama watu kwa dharau.

"Dorah! Umepima?" baba aliuliza kutoka ndani, akitafuta kofia ngumu.

Dorah akalipiga tairi la nyuma teke. Du!

"Nimepima, baba!"

"La nyuma ngapi?"

"Thelathini na sita!"

Wakati huo huo jirani yao, Bibi Mageni, alikuja kumpitia Dorah ili waende kanisani kwa miguu. Alikuwa mwanamke mzee aliyeishi peke yake, mpole, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

"Shikamoo, bibi," Dorah alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwangaluka, Vumilia! Loo, pikipiki yenu inang'aa leo kama ya bwana harusi."

"Mwangaluka, Mageni," Bibi Vumilia aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma, huku akisukuma kofia ngumu juu ya kilemba kilichokataa kuingia.

Dorah na Bibi Mageni wakatangulia. Walipofika njia panda, penye kibanda cha Gregory, fundi wa pancha, walisikia pikipiki ikija nyuma yao. Ilikuwa ikiyumba huku na huku kama mtu aliyetoka kilabuni. Bibi Vumilia alikuwa amemkumbatia mwanawe kiunoni, akiwaita watakatifu kwa majina. Beberu naye alikuwa akilia "meee" kila pikipiki ilipoyumba.

Enock alisimama, akashuka, akalibonyeza tairi la nyuma. Likabonyea kama andazi.

"Pancha," alisema. "Dorah, ulisema thelathini na sita?"

Hapo Dorah angeweza kusema kweli. Lakini watu walikuwa wengi, wakiwa na vikapu vyao vya mavuno, na wote walikuwa wakimtazama.

"Ndiyo, baba. Thelathini na sita."

"Basi kuna tundu kubwa," alisema Gregory. Alimshusha beberu, akamfunga kwenye nguzo, akalifungua tairi na kuvuta tyubu. Akaijaza upepo, akaizungusha polepole ndani ya beseni la maji ili aone mapovu yatatokea wapi. Vichwa vyote vikainama. Kwa mbali kwaya ilisikika ikianza wimbo wa mwanzo.

"Enock, mwanangu, misa imeanza," Bibi Vumilia alinong'ona. "Wakimaliza matoleo kabla sijafika, nadhiri yangu nitaiweka wapi?"

"Mapovu! Hayo hapo!" alipiga kelele kijana mmoja. "Makubwa!"

Watu wakashangilia. Gregory akainua uso. Beberu alikuwa amerefusha shingo, pua yake imo ndani ya beseni, anakunywa.

"Hayo ni ya beberu," alisema Gregory. "Mwondoeni mgonjwa huyu asiyehusika."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaweka chini kikapu chake cha mayai. Gregory aliizungusha tyubu mara ya pili. Akapaka mate kwenye mdomo wa vali, akangoja. Hakuna kitu.

"Tyubu hii ni nzima kuliko mapafu yangu. Vali nzima. Sasa kama asubuhi kulikuwa na thelathini na sita, upepo wote huo umepita wapi?"

Bartholomeo, mchimbaji kutoka Rwamgasa aliyekuja kuwasalimia ndugu zake, aliweka chini chupa yake ya soda. Alikuwa mtu wa kujua kila jambo.

"Tundu halipo, na upepo haupo," alisema. "Jamani, hapa pana mkono wa mtu. Nani alikuwa karibu na pikipiki hii asubuhi?"

"Hakuna mgeni aliyekuja," alijibu Bibi Vumilia bila kuwaza. "Ni Mageni tu. Tena yeye aliisifia."

"Aliisifia!" alisema Bartholomeo.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi Mageni alikuwa ameketi kwenye benchi, akipumzisha miguu. Mwanamke aliyeketi kando yake alivuta kikapu chake, kisha akajivuta na yeye. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Tazameni macho yake."

Bibi Mageni aliyashusha macho hayo. Akajifunga khanga yake taratibu, akasimama. "Mimi narudi nyumbani," alisema. "Mnisalimie padri."

Dorah alijua kwamba maneno ya namna hiyo, ya kumshuku mtu uchawi, yamewahi kumfanya mzee wa kijiji cha jirani ahame nyumba yake. Akakimbia, akasimama mbele ya Bibi Mageni na kutandaza mikono kama kipa.

"Sikupima!" alipiga kelele. "Baba, sikupima! Nilipiga teke tu! Sijapima kwa zaidi ya mwezi!"

Gregory aliitazama tyubu, akalitazama tairi lililofunguliwa, akamtazama Dorah. "Yaani nimefungua gurudumu zima kutafuta tundu ambalo halijawahi kuwepo? Mtoto wewe! Tairi lisilopimwa hupungukiwa upepo polepole hata bila pancha. Halafu mnalipakia bibi na beberu!"

"Na mimi..." Bartholomeo alianza.

"Wewe kunywa soda yako," alisema Bibi Vumilia. Kisha akavua kofia ngumu.

"Mama, tuwahi matoleo," alisema Enock.

"Matoleo yatangoja. Siwezi kwenda mbele ya Mungu na beberu huku nimemwacha jirani yangu njiani amevunjiwa heshima, tena kwa ulimi wangu mwenyewe." Alimshika Bibi Mageni mkono. "Mageni, nisamehe. Nilisema bila kufikiri."

Dorah akapiga magoti vumbini. "Nisamehe, bibi."

Bibi Mageni akamwinua Dorah kutoka vumbini. "Nimewasamehe," alisema. "Lakini na huyu wa soda aseme."

Bartholomeo alikuna kichwa. "Nisamehe, mayu, mama yangu. Nilizidisha maneno." Na mwanamke wa kikapu akarudi kuketi alipokuwa, kwa aibu.

Gregory alilifunga gurudumu, akampa Dorah kipimo na pampu. Dorah alisukuma pampu mpaka jasho likamdondoka, akapima, akasukuma tena, mpaka mshale ukafika. Kisha akapima na la mbele bila kuambiwa.

Walifika kanisani wakati watu wa mwisho wakitoa matoleo yao. Bibi Vumilia alimshika beberu kamba, lakini kwa kweli beberu ndiye aliyemvuta bibi, akampeleka mbio hadi altareni, akaanza kutafuna majani ya mahindi ya watu wengine. Padri alicheka, akampokea. Bibi alilia kwa furaha.

Baada ya misa watu wa njia panda walikusanyika nje, Bartholomeo akiwa miongoni mwao. Enock alimwita binti yake.

"Mwanangu," alisema, "mimi humwomba Mungu atulinde barabarani. Sijawahi kumwomba anipimie upepo. Kazi hiyo nilikupa wewe, kwa sababu Mungu amekupa macho na mikono. Lakini teke si kosa lako kubwa. Kosa kubwa ni kusema 'nimepima.' Sisi sote tulikuamini, na neno hilo dogo nusura limwondoe mtu kwake. Kazi usiyoifanya, sema hujaifanya. Tutakugombeza kidogo, kisha tutaifanya pamoja."

Dorah aliwatazama wote, akamalizia kwa Bibi Mageni. Akainua mkono wake wa kulia, uliokuwa bado mweusi kwa mafuta ya pampu.

"Mbele ya Mungu, mbele ya baba, bibi, Bibi Mageni, fundi Gregory na ninyi nyote," alisema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "naahidi kwamba nitapima matairi kila asubuhi, na siku ambayo sijapima nitasema sijapima."