Jina Juu ya Faili

Printa ya ofisini ilikohoa mara tatu, ikatoa karatasi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi wa kompyuta aliiokota. Ilikuwa tupu, isipokuwa mstari mmoja juu: Imeandikwa na Miwani. Aliikunja upesi, akaitia mfukoni.

Yeye na Miwani walikuwa chanda na pete. Walijifunza kazi meza moja, wakifufua kompyuta kuukuu kwa mifumo huria, ile isiyouzwa, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadili. Miwani, huku kifua kikimtesa kwa kikohozi kikavu, ndiye aliyeandika programu ndogo ya kuzifanya kompyuta hizo zielewane na printa za zamani. Aliitoa bure kwa sharti moja tu: jina la mwandishi lisifutwe juu ya faili. Mwezi mmoja baada ya mazishi ya Miwani, fundi alilifuta, akaandika lake. Kwa programu hiyo akafanywa mkuu wa mafundi, na Ijumaa angetunukiwa cheti mbele ya watu.

"Maiti hasemi," alijiambia.

Siku ya tatu printa zote saba zilikohoa kwa pamoja, kikohozi kile kile kikavu, na chumba kikanuka risasi iliyoyeyushwa ya kulehemu nyaya, harufu ya mikono ya Miwani. Katibu, mtani wake, alitania kwamba wagonjwa hao wa fundi wapelekwe zahanati. Fundi hakucheka. Kila alipofungua faili alilikuta jina la Miwani limerudi, akilifuta, linarudi.

Shangazi yake alimpeleka kwa mganga, mama mtu mzima asiyejua hata kuwasha kompyuta. Mama yule aliinusa karatasi, akaiachia kama kaa la moto.

"Huyu hataki damu wala ubani, mwanangu," alinong'ona. "Anataka chake. Mrudishie leo, ataondoka."

"Nitamrudishia, mama. Jumamosi."

Mganga aliuliza leo ina nini. Shangazi akamweleza habari za cheti.

"Basi mimi simo," mganga akasema, akafunga mkoba wake.

Ijumaa, ukumbi ukiwa umejaa, mkurugenzi alikishika cheti, akakitazama, akakigeuza nyuma na mbele, kwa maana mahali pa jina palikuwa peupe, kisha akamtazama fundi kama anayemtazama mpita njia, akamuuliza kwa upole ameingiaje humu. Fundi alimgeukia katibu, naye katibu akasogeza kiti chake pembeni. Akatoa kitambulisho mfukoni, akaona picha yake tu na chini yake hamna kitu, akatoka mbio juani, barabara nzima ikimnukia risasi, majirani wakimpisha bila salamu, mpaka akaufikia mlango wake mwenyewe na kuugonga kwa viganja vyote viwili.

Mke wake alifungua, mtoto kiunoni. Mtoto alimwona, akauficha uso begani kwa mama yake.

"Samahani, kaka," mke alisema, akiuegesha mlango. "Unamtafuta nani?"

Fundi alifungua kinywa ataje jina lake.

Akakohoa mara tatu.