Mirija Miwili ya Damu ya Hiribae

Hiribae ni mfugaji. Anaishi na mkewe Darmi na watoto wao, wa kwanza akiitwa Kadra, nje kidogo ya mji wa Garsen. Kila alfajiri Darmi hukamua ng'ombe. Hiribae alikuwa akinywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, kisha akishika fimbo na kufuata mifugo. Baba yake pia aliishi hivyo.

Mvua ilipokatika, Hiribae alianza kuugua. Homa ilimshika jioni, asubuhi ikamwacha. Alitoka jasho jingi. Kiuno na magoti yalimuuma. Alinunua dawa ya malaria dukani, akapata nafuu kidogo. Homa ikarudi. Akanunua tena.

"Baba Kadra, hii si malaria," Darmi alimwambia. "Twende hospitali wakupime."

"Nitapona tu."

Hakupona. Asubuhi moja alishindwa kuinuka. Darmi alikuwa mjamzito, tumbo limekuwa kubwa, lakini ng'ombe hawawezi kushinda na njaa. Akaenda kuchunga mwenyewe. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba, akakaa chini. Hiribae alimtazama, akaona haya.

Kesho yake wakaenda hospitali.

Daktari alimsikiliza, kisha akamtuma maabara. Huko walimkuta Mwanasha, mwanamke Mpokomo kutoka kijiji cha Idsowe, ambaye kazi yake ni kupima damu. Mwanasha aliweka mezani mirija miwili myembamba, mifupi kama kidole. Mmoja ulikuwa na kifuniko chekundu, mwingine cha zambarau.

"Hiyo yote utaijaza damu?" Hiribae aliuliza.

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Mimi mwenyewe nimekwisha, damu sina. Mmoja ni wa kupima. Wa pili mnampelekea nani? Mnauza?"

Kabla hajajibiwa, alivuta mkono wake akatoka nje.

Darmi alimfuata. Alimkuta ameegemea ukuta, anapumua kwa shida.

"Baba Kadra, nisikilize. Mimi siwezi kulea mimba na kuchunga ng'ombe. Wewe ukianguka, sisi tutakwenda wapi? Rudi umuulize yule mama hilo swali lako. Akishindwa kukujibu, twende nyumbani. Sitakusumbua tena."

Hiribae alijiondoa ukutani. Kisha akarudi ndani.

Mwanasha hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Umefanya vizuri kuuliza," alisema. "Damu ni yako, ni haki yako kujua. Tazama mkono wako. Unaona hii mishipa? Hiyo nayo ni mirija. Mwili wote umejaa mirija, mikubwa na midogo. Ndiyo inayopeleka damu kichwani, miguuni, kila mahali. Damu ikitoka nje ya mwili huganda. Umewahi kuiona ukichinja?"

"Nimeona. Inakuwa kama ini."

"Basi, ndiyo sababu ya mirija miwili. Huu wa zambarau una dawa ndani. Dawa hiyo inazuia damu isigande. Humo tunahesabu chembe za damu, tujue kama damu yako imepungua. Katika huu mwekundu tunaiacha damu igande. Kisha tunauweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Damu nzito inashuka chini, juu yanabaki maji ya rangi ya manjano. Katika maji hayo ndipo tunapotafuta dalili za ugonjwa wako. Kazi ya mrija mmoja haiwezi kufanywa na mwingine."

"Na damu inayobaki?"

"Inateketezwa. Hapa hakuna anayeuza. Tena yote miwili haijazi kikombe cha kahawa. Mwili wako utatengeneza damu nyingine."

Hiribae alimtazama Darmi. Kisha akanyoosha mkono.

Mwanasha alimtoa damu. Aliandika jina la Hiribae kwenye kila mrija pale pale, mbele ya macho yake, ili damu yake isichanganywe na ya mtu mwingine. Ule wa zambarau aliupindua taratibu mara kadhaa. Hakuutikisa, maana chembe za damu zingepasuka.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita.

"Si malaria. Ni brusela. Ugonjwa huu unatoka kwa mifugo. Je, kuna ng'ombe wako aliyetupa ndama kabla ya wakati?"

"Wawili," Hiribae alisema. "Niliwasaidia kwa mikono yangu hii."

"Basi huenda uliupata hapo, au kwenye maziwa mabichi. Utakunywa dawa za aina mbili kwa wiki nyingi. Hata ukijisikia mzima, usiache mpaka nikuambie. Maziwa yachemsheni mpaka yafure. Ng'ombe akizaa au akitupa ndama, msishike kwa mikono mitupu. Mwiteni daktari wa mifugo awapime ng'ombe wote."

Darmi alishika tumbo lake. "Na mimi? Nilikunywa maziwa hayo hayo."

"Utapimwa leo. Kwa mjamzito ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba."

Safari hii Hiribae ndiye aliyempeleka mkewe maabara na kumweleza kazi ya kila mrija. Walingoja majibu. Mwanasha alitoka akitabasamu. Darmi hakuwa na ugonjwa.

"Alhamdulillahi," Hiribae alisema, na machozi yakamtoka.

Alikunywa dawa zake zote. Homa ikakoma, nguvu zikarudi, akaanza tena kuchunga. Daktari wa mifugo alikuja akapima ng'ombe, akawaonyesha wale wenye ugonjwa ili watengwe.

Darmi alijifungua salama katika hospitali ile ile, mtoto wa kike. Hiribae alipokuwa akielekea wodini, alikutana na Mwanasha.

"Dada, Mungu akulipe. Umeniponya."

"Mimi nilipima tu," Mwanasha alisema. "Aliyekurudisha ndani siku ile ni mama Kadra."

Hiribae aliingia wodini. Akina mama wengine walikuwa wamejilaza na watoto wao, na yeye si mtu wa kusema mengi mbele ya watu. Lakini alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema kwa sauti ya kusikika:

"Darmi, asante. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Wewe ulikataa."

 Darmi alimfunika mtoto vizuri, akamweka mikononi mwa baba yake.